Raningibeki si beki

Juzi nimelisikia tena kosa lilelile. Kijana mmoja, msimulizi mzuri mwenye sauti ya redio hasa, alikuwa akieleza habari za Walter Payton, raningibeki wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, akamtaja kuwa "beki hatari wa Chicago Bears", timu yake. Kabla yake mwingine alisema "mlinzi". Na yupo aliyelitafsiri jina la Kiingereza, running back, neno kwa neno akapata "mkimbiaji wa kurudi nyuma", kana kwamba mtu analipwa kukimbia kinyumenyume. Nimevumilia vya kutosha. Tuliweke sawa.

Raningibeki ni mchezaji wa timu yenye mpira katika futiboli ya Kimarekani. Husimama nyuma ya ukuta wa wenzake, hukabidhiwa mpira na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, kisha hukimbia nao kwenda mbele katikati ya wapinzani mpaka aangushwe, au afike mwisho wa uwanja na kuipatia timu yake pointi 6. Hudaka pia pasi fupi, na asipopewa mpira huwazuia wanaomwandama kwotabeki. Kwa ufupi ni mshambuliaji.

Tatizo ni hilo "beki". Sisi neno hili tumelipokea kupitia soka, na ukimtajia shabiki wa Simba au Yanga beki, papo hapo anamwona mtu anayeondosha hatari kwenye kumi na nane. Lakini neno la Kiingereza tulilolitoa huko, back, halikuzaliwa na habari yoyote ya kulinda. Lilieleza tu mtu amesimama wapi.

Turudi Uingereza ya karne ya 19, wakati soka na raga zilikuwa bado hazijaachana vizuri. Wachezaji wengi walirundikana mbele, penye mpira. Wachache waliachwa nyuma, nao wakaitwa kwa kadiri ya umbali wao kutoka kwenye lile rundo: aliye nusu ya njia akawa hafubeki, aliye mwisho kabisa akawa fulubeki. Raga ilipohitaji watu kati ya hao wawili, wakaitwa wa robo tatu, na jina hilo linatumika hadi leo. Ni hesabu ya sehemu, ileile tuliyofundishwa shule ya msingi.

Mchezo ulipovuka bahari kwenda Marekani, majina yakasafiri nao. Mwaka 1880 Walter Camp wa chuo cha Yale alivishawishi vyuo vipunguze wachezaji kutoka 15 hadi 11, viachane na kugombania mpira kwenye rundo, na badala yake timu moja iumiliki, mtu wa katikati aurudishe kwa mwenzake aliye nyuma yake. Huyo mpokeaji alisimama karibu na mstari, pale timu mbili zinapokabiliana, kuliko hafubeki. Kama hafubeki ni nusu, yeye ni nini? Robo. Ndiye kwotabeki, jina ambalo leo wengi hulisikia kama cheo cha jenerali, na kumbe ni kipimo cha hatua.

Kule kwenye soka mambo yalikwenda njia nyingine. Mfumo wa zamani wa 2-3-5 ulikuwa na mafulubeki 2, mahafubeki 3 na mafowadi 5. Yule wa katikati ya wale watatu ndiye senta hafu, na kazi yake ilikuwa ya kiungo hasa. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, timu zikaanza kumshusha senta hafu akazibe pengo kati ya mabeki wawili. Mtu akashuka na jina lake. Ndiyo maana senta hafu tunayemjua sisi ni beki wa kati, ilhali jina lake bado linasema nusu. Soka ndiyo iliyolifanya neno beki lishikamane na ulinzi, na Kiswahili kikalichukua likiwa limekwisha kubadilika.

Wamarekani nao wameyachanganya kwa namna yao. Timu ikijipanga kwa umbo la herufi I, fulubeki husimama mbele ya hafubeki, karibu zaidi na mstari, wakati jina lake linasema yuko mwisho kabisa. Alilipata enzi zile alipokuwa wa mwisho kweli; siku hizi kazi yake kubwa ni kumfungulia mwenzake njia. Raningibeki ni jina linalowakusanya wote wawili, ingawa ukilisikia leo karibu kila mara linamkusudia mbeba mpira mkuu. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: futiboli ya Kimarekani inao mabeki wanaolinda, wako upande wa pili wa mstari, na wanaitwa mabeki wa ulinzi. Hao ndio ndugu wa beki wetu. Payton alipokuwa akikimbia, hao ndio waliokuwa wakimfukuza.

Na kwa nini raningibeki asimame nyuma kama kazi yake ni kwenda mbele? Tazama mpira unavyokabidhiwa. Kwotabeki anageuka nao. Raningibeki tayari yuko mbioni, na hautazami mpira, macho yako mbele yanatafuta mwanya. Mkono ulio upande wa kwotabeki ameuinua, kiwiko juu usawa wa kifua. Mkono wa pili uko chini, kiganja kimeangalia juu, usawa wa kitovu. Katikati pamekuwa mfuko. Mpira unatiwa tumboni, mikono miwili inaufunika, na hatua mbili mbele kuna mtu wa kilo 130 anamsubiri. Zile hatua chache za nyuma ndizo zilizompa kasi ya kukutana naye. Angesimama mstarini, angeupokea mpira akiwa amesimama, na angeishia palepale.

Sasa mrudie Payton ukiwa na picha hiyo. Bears walimchukua mwaka 1975 kutoka chuo cha Jackson State, Mississippi. Mechi yake ya kwanza alibeba mpira mara 8, na jumla ya yadi alizosonga mbele ikawa 0. Alipostaafu baada ya misimu 13 alikuwa ameubeba mara 3,838 na kupata yadi 16,726. Ukizigeuza ni kilometa 15 na ushei, yaani mita 4 hivi kila mara, na mwisho wa karibu kila mara ni kugongwa na kuangushwa chini. Katika miaka yote hiyo alikosa mechi 1 tu, msimu wake wa kwanza. Tarehe 20 Novemba 1977, akiwa na mafua makali, alikimbia na mpira yadi 275 dhidi ya Minnesota Vikings, rekodi ya mechi moja kwa wakati huo. Mwaka 1984 aliipita jumla ya Jim Brown aliyekuwa akishikilia rekodi, yadi 12,312, na rekodi yake mpya ikakaa mpaka Emmitt Smith alipoivunja mwaka 2002. Tachidauni zake za kukimbia, yaani mara alizofika na mpira mwisho wa uwanja kwa zile pointi 6, ni 110.

Kudumu hivyo katika nafasi hii ni jambo adimu sana. Gale Sayers, raningibeki wa timu hiyohiyo ya Bears kabla yake, na wapo wanaosema alikuwa na kipaji kumzidi, aliishia mechi 68 kwa sababu ya magoti. Brown aliondoka kwa hiari yake baada ya misimu 9, na raningibeki mwingine, Barry Sanders, baada ya 10. Raningibeki akifika miaka 30, watu huanza kumhesabu mzee. Ukimwita mtu wa namna hii beki, msikilizaji haoni kwa nini mwili wake ulichakaa mapema hivyo, wala kwa nini misimu 13 ya Payton inasimuliwa kwa heshima.

Kwa yule kijana: simulizi yako ilikuwa tamu, na kosa ni jepesi kulifanya, maana neno ni lilelile, wamelipeleka wao huku na sisi kule. Ila msikilizaji wako wa Tabora amebaki anamwona Payton akiokoa mpira langoni. Sema raningibeki, au ukitaka Kiswahili kitupu sema mbeba mpira, halafu umsimulie upya zile yadi 275 za siku ya mafua.