Shamba linapogeuka kiwanja: maana ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi

Mjini Moshi ukitamka "kubadili matumizi ya ardhi", wengi watafikiria halmashauri: una kiwanja cha makazi, unataka kujenga gesti au fremu za maduka, unaomba kibali. Hiyo ni maana ya kiofisi. Wanaofuatilia mazingira na uchumi wa vijijini wanakwenda mbali zaidi: kwao ni eneo lililokuwa likifanya kazi moja kuanza kufanya nyingine, kibali kiwepo kisiwepo. Msitu unakuwa shamba, malisho yanakuwa skimu ya mpunga, mibuni inang'olewa yanapandwa mahindi.

Panda kidogo kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi uone jambo lenyewe. Kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, kina ghorofa, kama nyumba. Juu kuna miti mirefu, mringaringa na mruka. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe yuko bandani, analishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi kwenye migomba hiyohiyo. Pembeni unapita mfongo, mfereji wa kuchimbwa kwa mkono, ukileta maji kutoka mtoni huko juu. Ndizi zilikuwa pesa ya wiki, maziwa pesa ya kila siku, kahawa pesa ya mwaka: ada za watoto na mabati.

Kahawa ndiyo iliyotikisika kwanza. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933, ulijengwa juu ya zao hilo, lakini mfumo wa kimataifa wa kugawa mgao wa mauzo ulipovunjika 1989, bei ilianguka vibaya. Ardhi nayo ilikuwa ikigawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi. Kijana mwenye robo ekari hawezi kusubiri kahawa mwaka mzima, na simlaumu. Anang'oa mibuni apande nyanya, ambayo inataka jua. Kwa hiyo na miti inakatwa, mbao zinauzwa. Hakuna siku moja utakayosema "leo kihamba kimekufa". Unakuta tu ghorofa za juu hazipo.

Hapo maji yanabadilika. Mvua ikinyesha juu ya kihamba hutua kwanza kwenye majani, ikadondoka taratibu kwenye takataka za migomba, ikazama. Ikinyesha kwenye bati na uwanja wa zege, baada ya dakika chache iko barabarani na udongo mwekundu imeubeba. Watu hupenda kuilaumu barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo kweli inapungua, ila maji mengi ya mito na chemchemi zetu yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani. Yanayoteremka hapa yanaingia mto Pangani, yakipitia bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mitambo ya umeme na wavuvi wake. Tope la Kibosho halibaki Kibosho.

Si kila badiliko ni hasara, lakini. Kiwanja kilicho karibu na lami kinaweza kumpa mwenyewe pesa ambayo kahawa isingempa kwa miaka mingi, na ujenzi unawapa kazi mafundi na vibarua. Tofauti ni kwamba pesa hiyo huja mara moja. Mwaka wa pili familia iliyokuwa ikipeleka mikungu sokoni inashuka soko la Mbuyuni kununua ndizi za mtori, na majani ya ng'ombe yanatafutwa huko tambarare.

Halafu kuna mfongo. Mnunuzi anajenga ukuta, mfereji unafukiwa au unageuzwa mtaro wa maji machafu. Jirani wa chini, aliyekuwa akipata zamu yake ya maji baada ya muuzaji, hakuitwa siku ya kuandikishana mbele ya dalali.