Je, wajua kwa nini seva ya ofisi huweza kuamka ikidhani iko ugenini?

Seva imezimwa ili ipokee masasisho, kisha ikawashwa. Taa za mtandao zinapepesa, ping (ujumbe mfupi wa kupima kama seva inafikika) inajibiwa, lakini programu ya uhasibu iliyomo ndani yake haifunguki kwenye kompyuta yoyote. Wengi hukimbilia waya: huchomolewa na kuchomekwa, swichi ikazimwa, na mwisho seva ikawashwa upya kwa mara ya pili. Lakini waya mbovu hauchagui. Ungekata vyote, ping ikiwamo. Na kuwasha upya ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kosa lenyewe huzaliwa seva inapowaka, kwa hiyo huenda ukalizaa tena.

Hapa tunasema seva ya Windows inayoshika domeni (kompyuta na watumiaji wa ofisi wanaosimamiwa pamoja), ile yenye orodha ya watumiaji na nywila zao; huitwa msimamizi wa domeni. Fayawoli ya Windows, mlinzi anayeamua mawasiliano gani yaingie, ina mafungu matatu ya sheria: la domeni, la mtandao binafsi na la mtandao wa umma. Kompyuta ikiunganishwa huuliza: je, mtandaoni humu yupo msimamizi wa domeni yangu? Ofisini laptopu hujibiwa, ikatumia sheria za domeni. Mgahawani hakuna wa kujibu, nayo hujifungia.

Sasa mwulizaji akiwa ndiye msimamizi mwenyewe? Mwenye nyumba ameamka gizani, anapiga hodi, “Wenyewe mpo?” Mwenyewe ni yeye, na bado ana usingizi: huduma za DNS (inayotafuta anwani kwa majina) na Active Directory (inayoshika ile orodha ya watumiaji) hazijamaliza kuamka. Kimya. Anaamua kuwa yuko nyumba ya watu, anafunga mlango. Baadaye kunakucha, huduma zote ziko macho, lakini mara nyingi swali halirudiwi. Kila kilichoruhusiwa kwenye fungu la domeni pekee kinabaki nje. Ndiyo maana dalili hutofautiana ofisi hadi ofisi: hutegemea sheria zilivyoandikwa.

Kuthibitisha, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa “Run as administrator”, uandike Get-NetConnectionProfile. Mstari wa NetworkCategory ukisema Public, umelipata. Ukisema DomainAuthenticated, kosa liko kwingine. Dawa ni Restart-NetAdapter ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao: kadi huzimwa na kuwashwa, na swali huulizwa upya. Anwani ya IP haipotei. Fanya hivyo ukiwa mbele ya seva, maana ukiwa mbali muunganisho wako utakatika.

Kwenye Windows Server 2025 Microsoft ilikiri kosa hili Aprili 2025, na sasisho la Juni mwaka huo likalirekebisha. Kwa matoleo ya zamani, weka amri hiyo ya Restart-NetAdapter kwenye Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, ijiendeshe dakika mbili hivi baada ya seva kuwaka. Ofisi yenye wasimamizi wawili wa domeni huepuka zaidi, mradi DNS ya kwanza ya kila mmoja ielekee kwa mwenzake.

Kabla ya yote hayo, tazama DNS iliyoandikwa kwenye kadi ya seva. Ukikuta 8.8.8.8, ifute, uweke anwani ya seva yenyewe au ya msimamizi mwenzake. DNS ya Google haiijui domeni ya ndani ya ofisi yako, na swali likienda huko halitapata jibu hata ukiwasha kadi mara kumi.