NPS: kipimo cha wateja wanaokusemea vizuri

Wateja wengi wapya huja kwa sababu mtu kamwambia mwenzake. Tatizo ni kwamba maongezi hayo hufanyika usipokuwepo, kwa hiyo huwezi kuyahesabu kama unavyohesabu mauzo. Kipimo kilichoenea zaidi cha kujaribu kuyakadiria ni Net Promoter Score, ambacho wengi hukiita NPS tu.

Alikitambulisha Fred Reichheld, mshauri wa kampuni ya Bain & Company, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Harvard Business Review mwezi Desemba 2003. Wazo hilo lilichochewa na kampuni ya kukodisha magari ya Enterprise Rent-A-Car, iliyokuwa ikiwauliza wateja maswali mawili mafupi na kuwahesabu wale tu waliotoa alama ya juu kabisa. Reichheld alibakiza swali moja: una uwezekano gani wa kutupendekeza kwa rafiki au mfanyakazi mwenzako? Mteja hujibu kwa namba kuanzia 0 hadi 10.

Anayetoa 9 au 10 ni mpendekezaji. Wa 7 au 8 ni vuguvugu: hana neno nawe, lakini hana hamu ya kukutaja. Kuanzia 0 hadi 6 ni wapondaji. Chukua asilimia ya wapendekezaji, toa asilimia ya wapondaji, hiyo ndiyo alama yako. Tuseme wamejibu wateja 200, na kati yao 90 ni wapendekezaji, 70 vuguvugu na 40 wapondaji. Hiyo ni 45 toa 20, yaani 25. Alama haiandikwi kwa asilimia, na inaweza kuwa popote kati ya -100 na 100.

Wengi hushangaa mtu wa 6 kuwekwa kundi moja na wa 0. Darasani, sita juu ya kumi si haba! Lakini watu wengi huona haya kutoa alama mbaya, na 6 mara nyingi ni ya adabu tu. Hata hivyo mpangilio huu una gharama yake. Ukimpandisha mteja kutoka 1 hadi 6, umefanya kazi kubwa na alama haitikisiki. Pia, biashara yenye wapendekezaji asilimia 30 bila mpondaji hata mmoja hupata 30, sawasawa na yenye wapendekezaji 65 na wapondaji 35. Ya kwanza haina anayeichukia, ya pili imegawa watu mapande mawili. Kwa hiyo mimi sikubali kuoneshwa alama peke yake. Nataka makundi yote matatu.

Idadi ya waliojibu nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katika mfano wetu wa watu 200, hata kama walichaguliwa bila upendeleo, ile 25 inabeba kosa la pointi 10 hivi juu au chini. Mwezi ujao ikisoma 31, usichinje mbuzi. Kwa watu 1,000 kosa hilo hushuka hadi kama pointi 5.

Dai la awali la Reichheld, kwamba namba hii hutabiri ukuaji wa biashara vizuri kuliko vipimo vingine, limepingwa pia. Mwaka 2007 Timothy Keiningham na wenzake walichapisha utafiti katika Journal of Marketing na hawakuona ubora huo.

Basi alama ipandishweje? Kazi yenyewe imo kwenye swali la pili, la kumuuliza mteja akishatoa namba: kwa nini umetoa namba hiyo? Soma majibu kwa sauti, mbele ya wanaohudumia wateja, si mbele ya wakubwa tu. Mpondaji apigiwe simu ndani ya siku chache, na anayepiga awe na mamlaka ya kurekebisha jambo, maana kuombwa radhi na mtu asiyeweza kitu humuudhi mtu mara ya pili. Malalamiko yanayojirudia hayatibiwi kwa simu. Kama kila wiki watu wanalia na ankara isiyoeleweka, badilisha ankara. Wale vuguvugu husahaulika kwa kuwa hawapigi kelele, ilhali wa 8 mara nyingi amebakiza jambo moja dogo tu, na akiulizwa hulitaja.

Kosa baya kuliko yote ni kufunga bonasi ya mfanyakazi kwenye alama hii. Siku hiyo hiyo ataanza kuwaomba wateja, "Tafadhali nipe kumi," na dodoso halitapelekwa kwa mteja aliyeondoka amenuna. Alama itapanda na huduma itabaki ilipokuwa.

Tena, kusema utapendekeza si kupendekeza. Mwaka 2021 Reichheld mwenyewe na wenzake waliongeza kipimo kinachotegemea hesabu za mauzo: sehemu ya ukuaji inayotokana na wateja wanaorudi pamoja na wapya walioletwa na wenzao. Huhitaji mfumo mkubwa kuanza. Muulize kila mteja mpya alikufahamu vipi, na umuulize siku ya kwanza, angali anakumbuka ni nani aliyemwelekeza.