Fedha yenye tarehe na afya ya asiye na kazi

Mwezi uliopita alinijia kliniki, hapa Dodoma, mzee mmoja fundi wa ujenzi ambaye kazi zimemkatikia. Presha yake ilisoma 170 kwa 100, ingawa alisema dawa anatumia. Nilipomwomba anionyeshe, alikunjua kikaratasi chenye vidonge vilivyokatwa nusu kwa wembe. "Najibana, daktari, mpaka nipate kibarua." Nilielewa hapo kwamba zaidi ya kukosa dawa, mzee huyu hakujua fedha itakayofuata ingeingia lini.

Ndiyo maana nafuatilia sana majaribio ya kipato cha uhakika. Nchini Finland, mwaka 2017 na 2018, watu 2,000 wasio na kazi walilipwa yuro 560 kila mwezi bila masharti, na hata aliyepata kazi hakukatwa. Ajira iliongezeka kidogo tu. Lakini waliolipwa walieleza kuwa na msongo, huzuni na upweke mdogo kuliko wenzao waliolinganishwa nao. Waliojibu dodoso walikuwa wachache, kwa hiyo matokeo hayo nayapokea kwa tahadhari. Hata hivyo, kiasi kile kilikaribiana na posho ya kawaida ya wasio na kazi, na kwa hiyo naamini kilichowapunguzia mzigo ni kujua kwamba fedha itafika, wala hakuna atakayeizuia.

Hapa kwetu ushahidi wa karibu zaidi uko wilayani Chamwino, kwenye jaribio la kugawa fedha la TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ingawa lililenga kaya maskini kwa ujumla na lilikuwa na masharti. Pamoja na Bagamoyo na Kibaha, vijiji 80 vilihusishwa, na nusu yake vikaanza kulipwa mwaka 2010, kila baada ya miezi miwili. Mahudhurio ya zahanati yalipanda mwanzoni, kisha yakashuka, huku siku za kuugua za watoto wadogo zikipungua. Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba kaya nyingi zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani zililipia matibabu kabla ya ugonjwa, badala ya kusubiri homa ya mtoto ndipo mbuzi auzwe kwa bei ya shida, hasa miezi ile ghala linapokuwa tupu.

Yule mzee nilimwandikia dawa zilezile, nikamweleza kwa nini nusu kidonge hakimtoshi, nikampa tarehe ya kurudi. Aliniambia atakuja akipata nauli.