Barafu Chini ya Paa: Kumbi za Kwanza za Hoki na Timu Zilizozitegemea

Katikati ya jiji la Montreal, kati ya mtaa wa Drummond na mtaa wa Stanley, yapo maegesho ya magari ambayo watu huyapita kila siku bila kugeuza shingo. Mimi husimama hapo kila ninapopata nafasi. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya baridi, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikigandisha na kutunza barafu katika viwanja vya hoki, kwa hiyo kwangu mahali hapo ni kama kitovu. Ndipo ulipofunguliwa ukumbi wa Victoria mwezi Desemba 1862, na ndipo tarehe 3 Machi 1875 ilipochezwa mechi ya kwanza inayojulikana ya hoki ya barafu iliyopangwa, ikatangazwa gazetini na kuchezwa chini ya paa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, nitasema kwa ufupi kwamba timu mbili huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, kila mchezaji akiwa na fimbo iliyopinda mwishoni, wakigombea kisahani kigumu cha mpira ili wakitie langoni. Historia yake huandikwa mara nyingi kwa majina ya wafungaji na orodha za mabingwa. Jicho langu ni la fundi, nami naona jambo jingine: mchezo huu ulikatwa na kushonwa na majengo yake, na timu za mwanzo zilipanda au zilianguka kutegemea nani ana paa, na nani ana barafu nzuri chini ya paa hilo.

Ukumbi wa Victoria haukujengwa kwa ajili ya hoki. Ulikuwa jengo la matofali la wanachama wa klabu ya kuteleza, watu wenye uwezo, ambao walitaka kufurahia barafu bila kupigwa na upepo wa theluji. Kenchi kubwa za mbao, zilizopindwa kama upinde, zilibeba paa lote bila nguzo hata moja katikati, na usiku taa za gesi ziliwaka juu ya barafu. Mwaka 1870 ilifanyika humo karamu ya kuteleza kwa mavazi ya maigizo, na mpigapicha William Notman akaitengenezea picha moja mashuhuri kwa njia ya ajabu: aliwapiga wahudhuriaji picha mmoja mmoja katika studio yake, akawakata, kisha akawabandika wote pamoja juu ya mchoro wa ukumbi. Ukiitazama picha hiyo unaona zile kenchi vizuri kabisa, na unaelewa ilikuwaje mtu wa zama zile akiingia humo kwa mara ya kwanza na kuinua macho.

Barafu yenyewe ilikuwa ya asili. Walimwaga maji sakafuni, wakafungua madirisha, na baridi ya nje ikafanya kazi iliyobaki. Eneo la barafu lilikuwa na urefu wa mita 62 hivi na upana wa mita 24. Leo uwanja wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Yaani kipimo ambacho mafundi wa leo tunakifuata kwa uangalifu mkubwa, tukilaza mabomba yetu sambamba na mistari yake, kinakaribia sana kile cha nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mabibi na mabwana wa kuteleza wawili wawili kwa muziki.

Aliyeipanga mechi ya 1875 ni James Creighton, mhandisi aliyetoka Halifax katika jimbo la Nova Scotia, ambako watu walizoea kugombea mpira kwa fimbo juu ya maziwa yaliyoganda. Huko nje hapakuwa na mpaka wala hesabu kamili. Aliyefika na fimbo yake alicheza. Ndani ya kuta haiwezekani hivyo. Creighton aliweka wachezaji 9 kila upande, kwa kuwa ndio walioweza kuenea bila kukanyagana, na timu yake ikashinda mabao 2 kwa 1. Siku ya mechi gazeti la Gazette la Montreal liliwatoa wasomaji wasiwasi: baadhi ya watazamaji walihofia kwamba mpira ungeruka ovyo na kuwaumiza, lakini ingechezwa kwa kipande bapa cha mbao cha mviringo, ambacho kisingeondoka juu ya barafu. Jambo hili nalipenda kupita yote katika historia hii. Umbo la kisahani, ambalo leo ndilo alama ya mchezo mzima, limefungamana moja kwa moja na ukweli kwamba watu walikuwa wamekaa karibu na barafu, ndani ya nyumba, tena nyumba ya watu wengine. Baada ya mechi kulizuka ugomvi, na gazeti la mji wa Kingston liliandika kwamba madawati yalivunjwa na wanawake waliokuja kutazama wakatoka mbio. Hoki ilikuwa mgeni katika ukumbi ule, na haikuanza kwa adabu za mgeni.

Hata hivyo mgeni huyo alikaa. Chama cha kwanza cha taifa cha mchezo huu kiliundwa humo humo mwezi Desemba 1886. Mwaka 1889 Gavana Mkuu wa Kanada, Lord Stanley, aliitazama hoki kwa mara ya kwanza katika ukumbi huo wakati wa tamasha la majira ya baridi, na mwaka 1892 akatoa kombe ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Tarehe 22 Machi 1894 klabu ya Montreal iliifunga Ottawa mabao 3 kwa 1 katika fainali ya kwanza ya kombe hilo, na ilikuwa papo hapo Victoria. Mwisho wa mwaka 1898 kitongoji cha Westmount kikapata ukumbi mpya, safari hii uliojengwa kwa kuifikiria hoki tangu mwanzo, wenye viti vya maelfu ya watu. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika, kwa kuwa mwenye viti elfu kadhaa hauzi tena uanachama wa klabu. Anauza tiketi, na anayeuza tiketi huanza kutafuta wachezaji ambao watu watalipa ili kuwaona.

Mfano mzuri wa hesabu hiyo haukutokea Kanada, ulitokea Houghton, mji wa wachimbaji wa shaba kaskazini mwa jimbo la Michigan nchini Marekani. Ukumbi wake, Amphidrome, ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1902. Daktari wa meno Mkanada aliyehamia huko, John Gibson, alikuwa nguzo ya timu ya Portage Lakes, na mwaka 1904 Houghton na miji mingine minne ikaanzisha ligi ya kwanza ya hoki iliyowalipa wachezaji hadharani. Wakanada waliokatazwa kwao kupokea hata senti walivuka mpaka. Ligi ilidumu hadi 1907 tu, lakini ilikuwa imeonyesha kwamba mji mdogo wenye ukumbi mzuri unaweza kuwavuta wachezaji bora kutoka miji mikubwa.

Sasa niseme kuhusu waliokuwa na timu lakini hawakuwa na ukumbi. Huko Halifax, mwaka 1895, Wakanada weusi walianzisha ligi yao kupitia makanisa ya Kibaptisti. Wengi wao walikuwa wazao wa watu walioukimbia utumwa Marekani. Timu zao zilikuwa na majina kama Eurekas wa Halifax, Jubilees wa Dartmouth na Sea-Sides wa Africville, na mlinda lango wa Dartmouth, Henry Franklyn, anakumbukwa kwa kujitupa juu ya barafu kuzuia kisahani, wakati walinda lango wengine walisimama wima kama nguzo. Kumbi zilikuwa mikononi mwa wazungu. Ligi za wazungu zilichukua majira yenyewe, na timu za watu weusi zikapewa nafasi zilizobaki, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi mapema Machi.

Mtu asiyefanya kazi na barafu anaweza kuisoma sentensi hiyo na kuipita. Mimi siwezi. Barafu ya asili ya mwezi Machi naijua: juu inatoa jasho, makali ya kiatu yanazama badala ya kukata, kisahani kinaburura maji mbele yake, na kila dakika kumi inakuwa laini zaidi ya ilivyokuwa. Kumpa mtu ukumbi wakati huo ni kumpa nusu ya mchezo. Kwa barafu hiyo hiyo watu wale walicheza kwa kasi na ufundi uliowavuta watazamaji wa rangi zote, na ilikuwa haki Kanada ilipowatolea stempu ya posta mwaka 2020, ingawa ilikuja ikiwa imechelewa mno.

Dawa ya barafu laini ilikuwa imekwisha kubuniwa, tena na mtu ambaye hakuwa akifikiria michezo hata kidogo. John Gamgee alikuwa daktari wa mifugo nchini Uingereza, aliyetafuta njia ya kusafirisha nyama iliyogandishwa kutoka Australia na New Zealand. Mwezi Januari 1876 alifungua mtaani Chelsea, London, kiwanja kidogo cha barafu ya mitambo, chenye ukubwa wa mita 7 kwa 5 hivi. Sakafu yake ilikuwa ya zege juu ya tabaka za udongo, manyoya ya ng'ombe na mbao, na juu yake mabomba ya shaba yalipitisha mchanganyiko wa glisarini uliopozwa kwa etha, kisha maji yakamwagwa yakayafunika mabomba.

Mimi nilijifunza kazi hii Mombasa, katika kiwanda cha barafu kilichowauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Tulijaza maji safi katika makopo marefu ya bati, tukayatumbukiza katika birika la maji ya chumvi yaliyopozwa kwa amonia, na baada ya saa nyingi tukatoa gogo la barafu lenye moyo mweupe katikati. Nilipofika Kanada na kufunuliwa kwa mara ya kwanza chumba cha mitambo cha uwanja wa hoki, sikuhitaji kuelezwa mengi: kompresa ni ile ile, amonia ni ile ile, maji ya chumvi ni yale yale yenye nyuzi kama 9 chini ya sifuri. Tofauti ni kwamba hapa maji hayo hupita katika mabomba yaliyozikwa ndani ya zege, na barafu hujengwa juu yake kwa kunyunyiza tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, hadi ifike unene wa sentimita 3 hivi. Ukimwaga maji yote kwa pamoja utapata barafu yenye mapovu, itakayomeguka kama biskuti. Ndiyo maana hainishangazi kwamba Nairobi, palipo karibu kabisa na ikweta, imekuwa na kiwanja cha barafu ndani ya hoteli tangu 2005, na vijana wake wakaunda timu ya Ice Lions. Barafu ya mabomba haiulizi uko nchi gani.

Wa kwanza kuielewa maana hiyo nchini Kanada walikuwa ndugu wawili, Frank na Lester Patrick. Pwani ya Pasifiki ina mvua nyingi na baridi kidogo; bwawa halikawii kuyeyuka. Mwaka 1911, kwa fedha zilizotokana na kampuni ya mbao ya baba yao, walijenga kumbi mbili za barafu ya mitambo, mmoja katika mji uitwao Victoria, kwenye kisiwa cha Vancouver, na mwingine mtaa wa Denman jijini Vancouver, ambao uliingiza watu zaidi ya 10,000. Halafu wakaanzisha ligi yao wenyewe ili kuzijaza. Nasisitiza mpangilio huo: kwanza jengo, kisha ligi. Kwa kuwa barafu yao ilibaki ngumu na ya haraka, waliweza kuufikiria mchezo upya. Waliruhusu walinda lango kujitupa chini, jambo ambalo Franklyn alikuwa amekwisha kulionyesha upande wa pili wa bara, na waliugawa uwanja kwa mistari miwili, wakiruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati, ambapo zamani pasi ilirudi nyuma tu kama katika raga. Mwaka 1915 timu ya Vancouver iliifunga Ottawa mechi tatu mfululizo na kulichukua Kombe la Stanley, na mwaka 1917 Seattle, iliyokuwa katika ligi hiyo hiyo, ikawa timu ya kwanza ya Marekani kulitwaa.

Hasara ya kumbi hizi ilikuwa moto. Kenchi za mbao kavu, majukwaa ya mbao, taa, majiko ya kupashia vyumba joto: yote yalikuwa chini ya paa moja. Ukumbi wa Schenley Park mjini Pittsburgh uliungua Desemba 1896, Amphidrome mwaka 1927, wa Victoria kisiwani mwaka 1929, wa Denman mwaka 1936. Lakini moto uliobadilisha mchezo ni ule wa Westmount, tarehe 2 Januari 1918. Ligi kuu ya leo ilikuwa na umri wa wiki chache tu, na timu zake mbili, Canadiens na Wanderers, zilikuwa zikicheza humo. Vifaa vyao viliteketea pamoja na jengo. Canadiens walihamia ukumbi mdogo wa Jubilee upande wa mashariki wa jiji, wakaendelea. Wanderers, mabingwa wa kombe mara nne, waliokuwa wameshinda mechi moja tu msimu ule, hawakucheza tena kamwe. Jubilee nao ukaungua mwaka 1919, na Canadiens wakahamia ukumbi wa Mount Royal, ambao bado ulitegemea barafu ya asili.

Hapo ndipo ilipotokea kwamba mwaka 1924 timu nyingine ya Montreal, iliyokuja kuitwa Maroons, ilijengewa jumba jipya la Forum lenye mabomba ya baridi, likakamilika kwa siku 159. Vuli ile ilikuwa na joto. Barafu ya Mount Royal haikuwa tayari, kwa hiyo tarehe 29 Novemba 1924 mechi ya kwanza ya Forum haikuchezwa na wenye nyumba, ilichezwa na Canadiens walioazima barafu, nao wakaifunga Toronto mabao 7 kwa 1. Miaka miwili baadaye walihamia humo kabisa. Maroons walisimamisha shughuli zao mwaka 1938, na Canadiens wakabaki katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wengine hadi Machi 1996.