Kiwimbi: maana yake, na kwa nini mita haikionyeshi

Kiwimbi, au ripo kama mafundi wengi wanavyosema, ni kule kupanda na kushuka kwa volti kunakobaki ndani ya DC (umeme wa upande mmoja) baada ya umeme wa ukutani kupita kwenye dayodi, zinazoupitisha upande mmoja tu, na kapasita kubwa, inayouhifadhi, ndani ya pawasaplai, yaani sehemu inayoilisha mashine umeme. DC tunaichora kama mstari ulionyooka. Kabla ya kufika kwenye regyuleta, sehemu inayoishikilia volti isibadilike, haijanyooka hata kidogo. Inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde.

Mtu wa Mikindani hahitaji maelezo marefu hapa. Maji ya ghuba yanajaa na kupwa, na ukimuuliza nahodha kama chombo kitapita, hakupi wastani wa kina. Anachotaka kujua ni kwamba yakipwa yatabaki kiasi gani, maana hapo ndipo chombo kinapokaa mchangani. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, siku za bamvua ni kubwa. Kiwimbi nacho hupimwa hivyo hivyo, kutoka kileleni hadi bondeni, na kinachoangusha mashine ni bonde.

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Dayodi nne zilizounganishwa pamoja, yaani briji, hugeuza nusu ya chini ya kila mzunguko ikawa juu, kwa hiyo kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde. Katikati ya kujazwa na kujazwa, mashine inaendelea kula umeme kutoka kwenye kapasita ile ile, kama simtanki ambalo bomba liko wazi na maji ya mgao bado hayajarudi. Tangi likiwa kubwa, maji hayashuki sana. Likiwa limejaa tope hadi nusu, linakauka kabla ya zamu.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha ampea kwa muda wa kusubiri, kisha gawanya kwa ukubwa wa kapasita. Mashine inayokula ampea 1, kapasita ya mikrofaradi 5,000, muda wa sekunde 0.01: unapata volti 2 za kiwimbi. Kapasita hiyo hiyo ikidhoofu hadi mikrofaradi 1,400, kiwimbi kinakuwa volti 7. Ni makadirio ya juu kidogo, kwa sababu kapasita huanza kujazwa kabla ya sekunde 0.01 kutimia, lakini yanatosha kukuonyesha unaelekea wapi.

Vifaa vya kupimia vya zamani ndivyo vinavyoumwa zaidi ugonjwa huu. Oskiloskopu, yaani mashine inayochora volti kama mstari kwenye kioo, ya miaka ya 1970, kama Tektronix 465 iliyotoka 1972, haina pawasaplai moja. Ina volti 110, 55, 15, 5, na hasi 8, na nyuma ya njia hizo kuna kapasita zilizojaa majimaji ambayo yamekuwa yakikauka polepole tangu kiwandani. Joto huharakisha. Kanuni ya kukadiria wanayotumia watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hukatika nusu. Sasa chukua mashine yenyewe inayotoa joto, iweke kwenye chumba cha bati pale Lindi mwezi wa Januari, feni yake imejaa vumbi. Na hewa ya chumvi nayo inakula miguu ya kapasita na maungio ya lehemu, hadi unakuta ukijani pale ilipopaswa kung'aa.

Niliwahi kuletewa oskiloskopu ya namna hiyo kutoka shule moja ya Lindi. Mchana inafanya kazi vizuri. Ikifika saa moja jioni, mstari kwenye kioo unaanza kutetemeka kama uzi wa mshipi uliopata samaki mdogo. Kijana aliyeileta alikuwa ameshabadilisha transista tatu kwenye regyuleta ya volti 15.

"Mjomba, DC ipo," akaniambia. "Kabla ya regyuleta inasoma 18. Regyuleta inataka 17 tu. Sasa inalalamikia nini?"

Hakukosea kusoma. Mita ikiwa kwenye DC husoma wastani, na wastani ulikuwa 18 kweli. Nikamwambia ahamishie mita AC, inayosoma kupanda na kushuka tu, pale pale kwenye kapasita. Ikasoma 2.0. Kwa kiwimbi chenye umbo la msumeno, namba ya AC ukiizidisha kwa 3.5 unapata tofauti ya kilele na bonde, yaani volti 7. Basi 18 yake ilikuwa kilele cha 21.5 na bonde la 14.5. Regyuleta ya kutoa 15 haiwezi kutoa 15 kutoka 14.5, hata uiwekee transista mpya kila wiki.

Na mchana je? Mchana umeme ukutani ulikuwa 230. Kilele kilifika 25, bonde 18, chombo kikapita juu ya mchanga kwa kidole kimoja. Jioni watu wakiwasha majiko na feni, ukutani ilishuka hadi 200, kila kitu kikashuka nacho, chombo kikakwama. Kapasita ilikuwa mbovu saa zote. Jioni ilifichua tu.

Hapa kuna tahadhari mbili za mita. Mita nyingi za mshale za bei ya chini, zikiwa kwenye AC, husoma na DC pia. Geuza nyaya, na namba zikipishana sana, usiiamini kwa kazi hii. Pili, kapasita kubwa hubaki na umeme baada ya kuchomoa waya. Itoe chaji kwa rezista, inayobana umeme utoke polepole, si kwa bisibisi. Cheche ya bisibisi hupendeza wanafunzi lakini huharibu kapasita, na kwenye njia ya volti 110 inaweza kukuharibu wewe.

Ukiwa na oskiloskopu nyingine nzima, kiwimbi kinakueleza zaidi ya ukubwa wake. Weka milisekunde 2 kwa kila kisanduku cha kioo. Kilele hadi kilele kikichukua visanduku vitano, ni milisekunde 10, yaani mara 100 kwa sekunde, dayodi zote zipo kazini na mshukiwa ni kapasita. Kikichukua visanduku kumi, ni mara 50, na kwenye briji hiyo ina maana kwamba dayodi moja imekata, au lehemu yake imeachia. Kapasita mpya haitakusaidia. Nimeona watu wakinunua kapasita mara mbili kwa sababu ya dayodi ya bei ya andazi.

Usipokuwa na nyingine, muulize mgonjwa mwenyewe. Swichi ya kuchagua kichocheo, yaani kinachoamua mchoro uanze lini, iweke kwenye nafasi iliyoandikwa LINE. Mtetemo ukisimama tuli kwenye kioo, unatoka kwenye umeme wa ukutani.

Kabla ya kununua kapasita, zima mashine, toa chaji, lehemia kapasita nzima ubavuni mwa ile unayoishuku, chanya kwa chanya, kisha washa. Kiwimbi kikipungua sana umeshapata jibu, ila usiiache hivyo. Ile ya zamani inaweza kuwa inavuja na ikaja kupasuka. Mpya iwe na volti sawa au zaidi, inayovumilia joto la nyuzi 105, na ukubwa wa karibu na ule wa kwanza. Kuweka mara tano ya ukubwa ili kumaliza kabisa ni tamaa: kila ukiwasha, dayodi zinabeba mkupuo ambao hazikutengenezewa. Ile ya Lindi niliiwekea mikrofaradi 4,700, na mita ikashuka kutoka 2.0 hadi 0.6.

Angalia pia kichaguzi cha volti mgongoni mwa mashine. Kikiwa 240 na mtaani kwako jioni hupata 200, bonde litakuwa chini hata kwa kapasita mpya.

Kapasita za tantalo, zile ndogo za madini ya tantalo zisizo na majimaji, hazimo humu sana. Zenyewe hazikauki, hupiga shoti, na njia nzima ya umeme huzimika.

Na kuna mtetemo wa mara 50 ambao si kiwimbi wala dayodi. Njia zote umepima, AC ni ndogo, lakini mstari bado unacheza. Angalia kilichopo jirani: stabilaiza yenye transfoma kubwa, au feni ya mezani. Sumaku yake huvuta miale ya kioo moja kwa moja. Isogeze mita moja mbali, au geuza oskiloskopu upande. Mstari ukibadilika, rudisha mfuniko, mashine ni nzima.