Kuhifadhi Zenith CH 701 mabawa yakiwa yametolewa

Kila mwaka masika yakikaribia napigiwa simu ya namna moja. Mwenye ndege anasafiri kwa muda mrefu, au kodi ya hanga imemshinda, au amepata ghala karibu na nyumbani. "Fundi, tutoe mabawa tuiweke ndani." Huwa nakubali. Ndege ndogo iliyolala ghalani bila mabawa iko salama kuliko iliyo kamili ikafungwa kamba nje, ikipigwa jua na upepo wa chumvi. Ila katika kazi yangu nimeona mabawa mengi zaidi yaliyoumia yakiwa yameegemezwa ukutani kuliko yaliyoumia angani, na inaniuma kwa sababu karibu yote yangeweza kuokolewa kwa mbao chache na vipande vya turubai.

Nitazungumzia Zenith CH 701 kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu zaidi. Ni ndege ya kujiundia: mnunuzi anapokea vipande na michoro, anakaa navyo gereji hadi viwe ndege. Aliibuni Chris Heintz katika miaka ya 1980, na kiwanda chake kiko katika mji uitwao Mexico, jimbo la Missouri, Marekani. Mabawa yapo juu ya chumba cha rubani, kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 8.2, na kila bawa linashikiliwa na nguzo zinazoshuka hadi ubavuni mwa kiwiliwili. Karibu yote ni aluminiamu ya aina ya 6061-T6.

Bati la bawa hilo, katika sehemu yake kubwa, halifiki nusu milimita. Nguvu ya bawa iko kwenye boriti kuu inayopita ndani kwa urefu, na kwenye mbavu zinazolipa umbo. Bati kati ya mbavu na mbavu ni kama ngozi ya ngoma: linabeba vizuri sana mzigo uliotandazwa na hewa, lakini goti la mtu mmoja linatosha kulibonyeza. Kwa hiyo swali la kwanza kila unaposhika, unapoegemeza au unapofunga kamba ni moja tu: chini ya mkono wangu kuna ubavu au kuna bati tupu? Mimi hupita na tepu ya karatasi kabla ya kuanza, naweka alama mahali pa kila ubavu. Mistari ya riveti inakuonyesha ulipo.

Mafuta hutolewa kwanza, kwa sababu matangi yamo ndani ya mabawa. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa, ndege na chombo cha kupokelea vikiwa vimeunganishwa kwa waya ili umeme tuli usiruke cheche. Kisha ziba kila mrija ulioachwa wazi.

Kutoa bawa kunataka watu watatu, na mmoja tu ndiye atoe amri. Mmoja anashika ncha, mmoja yuko kwenye shina la bawa, mmoja anashughulika na bolti. Nguzo haziguswi kabla ncha haijashikwa, kwani zikishaachia, uzito wote wa bawa unaning'inia kwenye viungio vya juu, navyo havikuundwa kwa kazi hiyo. Bolti ikikataa kutoka usichukue nyundo. Inakataa kwa sababu bado imebeba mzigo. Mwambie aliyeshika ncha ainue kidogo, au ashushe kidogo, nawe jaribu kuizungusha kwa vidole. Ikifika mahali pake inatoka yenyewe, laini kabisa. Nimeshakuta tundu lililokuwa duara limekuwa yai kwa sababu ya nyundo ya dakika mbili, na kurekebisha tundu la kiungio cha bawa si kazi ya mchana mmoja.

Piga picha kabla ya kufungua nati hata moja. Hesabu washa, vile vipete vya chuma vya kwenye bolti: ngapi upande huu, ngapi upande ule. Wakati wa kuunda, aliyeijenga alizitumia washa hizo kuweka bawa sawa, na ukizichanganya ndege itarudi ikivuta upande mmoja. Kila bolti na washa zake ziingie kwenye kifuko chake chenye maandishi, na kifuko kifungwe kwenye kiungio kilekile kilikotoka. Sanduku moja la "bolti za ndege" kwenye rafu ndilo chanzo cha matatizo niliyoitwa kuyatatua mara nyingi kuliko yote.

Sasa mahali pa kuliweka. Bawa la ndege nyingi nyepesi za bati husimamishwa wima, ukingo wa mbele ukiwa chini, kwa kuwa hapo ndipo bati limepinda na lina ugumu wake. Kwa 701 kuna jambo la ziada: mbele ya bawa kuna slati, ule ukanda wa bati uliotenganishwa na bawa kwa mwanya, unaoiwezesha ndege kuruka polepole bila kuanguka. Ukilisimamisha bawa juu ya slati, uzito wote unaingia kwenye vishikizo vyake. Nazitoa slati kwanza, nazihifadhi peke yake, kisha natengeneza vitanda viwili vya mbao vyenye umbo la herufi U. Katikati ya kila kitanda naning'iniza mkanda mpana wa turubai, kama machela. Bawa linakaa ndani ya mikanda hiyo, mmoja karibu na shina na mwingine kuelekea ncha, yote miwili ikiwa chini ya ubavu, na vishikizo vya slati vikiwa huru. Flaperoni, zile sehemu zinazoning'inia nyuma ya bawa na kufuata fimbo ya usukani ya rubani, zifungwe zisipepee, kwa vibao viwili vilivyovishwa kitambaa. Usiziache zibebe chochote.

Watu wengi wangependa sponji badala ya turubai. Huku pwani naikataa. Sponji inanyonya unyevu na kuukumbatia dhidi ya aluminiamu, na ukiwa na chumvi ndani yake, baada ya miezi michache unakuta unga mweupe na vishimo chini yake. Zulia la zamani ni hivyohivyo. Nailoni ni mbaya zaidi: ghala likipoa usiku, bati linatoa jasho ndani ya nailoni na jasho halina pa kwenda. Osha bawa kwa maji yasiyo na chumvi, likaushe, kisha lifunike kwa shuka la pamba lisilobana. Linazuia vumbi na popo huku bati likipumua.

Viumbe ni nusu ya vita. Mkojo wa panya unakula aluminiamu, na panya anapenda sana giza la ndani ya bawa. Ziba matundu makubwa kwa wavu mwembamba wa chuma cha pua, siyo tepu, ili hewa ipite na maji yatoke. Na nyigu wa udongo msiwadharau. Februari 6, 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 walikufa. Mrija mmoja wa kupimia mwendo ulikuwa umeziba, na wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni nyigu. Ndege hiyo ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka, mirija ikiwa haijavishwa kifuniko. Kwenye 701 mrija huo uko kwenye bawa. Uvishe kifuko chenye utepe mwekundu mrefu.

Kiwiliwili hakina makubwa. Toa betri. Kikalishe juu ya stendi ili magurudumu na ule mpira wa kamba unaobeba gurudumu la mbele vipumzike. Ukitoa na injini, weka stendi chini ya mkia kwanza, maana bila injini pua inanyanyuka na mkia unapiga sakafu. Kama injini ni Rotax 912, ipashe moto kikamilifu kabla ya kutoa mafuta, mabawa yakiwa bado yapo, mwaga oili ya zamani uweke mpya, kisha ziba egzosi na njia za hewa. Propela yake usiizungushe kinyumenyume kamwe, kwa sababu hewa inaweza kuingia kwenye njia za oili za valvu. Na mirija yake yote ya mpira hubadilishwa kila miaka 5, hata kama ndege ililala yote mitano.

Siku ya kurudisha mabawa, nati za kujifunga ambazo zinazunguka kwa vidole hadi mwisho natupa, naweka mpya. Kisha inakuja hatua ninayoifanya hata mvua ikinyesha, hata mwenye ndege akiwa na haraka. Marubani wa glaida, zile ndege zisizo na injini, ambao huunganisha mabawa kila siku ya kuruka, wamepoteza wenzao kwa kiungo kimoja cha usukani kilichosahaulika. Fimbo ya usukani ikitembea kwa ulaini haikuhakikishii kwamba kuna kitu upande wa pili.

Kwa hiyo namwita mtu wa pili, ambaye hakushiriki kuunganisha, akae ndani. Mimi nasimama nje na kuishika flaperoni ya kulia kwa viganja vyote viwili. Namwambia apeleke fimbo kulia, nami naizuia. Lazima ahisi mkono wangu kwenye fimbo, nami nihisi wake. Naiachia, inapanda. Nazunguka upande wa kushoto, tunarudia.